Hitler alimtilia mchanga kitumbua, bibi akaishi miaka 72 zaidi yake

Wiki hii tuziweke kando habari za wapenzi walionuniana na waume wanaorudi nyumbani jogoo akiwika. Nataka tumkumbuke bibi mmoja ambaye ukimtazama juujuu ungedhani ni wale wa kukaa kwenye kochi na kufuma vitambaa. Thubutu! Bibi huyu Olimpiki ikianza tu, anakaa mbele ya televisheni na kuanza kuporomosha matusi. Mwenyewe alikiri hivyo kwa mdomo wake. Na ukikijua kisa chake, hata wewe utamwambia, bibi, tukana tu.

Jina lake ni Gretel Bergmann. Huko Marekani alikohamia walimjua zaidi kama Margaret Lambert. Alizaliwa Aprili 12, 1914 katika mji mdogo wa Laupheim, kusini mwa Ujerumani, na akafariki Julai 25, 2017 jijini New York akiwa na miaka 103. Miaka mia na mitatu, jamani! Waliotaka kumfuta duniani walitangulia zamani, yeye akabaki anakunywa chai yake.

Tangu akiwa binti mdogo, Gretel alikuwa haambiwi kitu kuhusu michezo. Lakini mambo yake yenyewe yalikuwa kuruka juu. Hapo ndipo alipokuwa moto wa kuotea mbali.

Kimbembe kikaanza mwaka 1933, Hitler alipoingia madarakani. Gretel alikuwa Myahudi, na Wanazi hawakutaka kumwona Myahudi hata kwa dawa. Klabu yake ya mji wa Ulm ikampa taarifa kwamba hatakiwi tena. Watu aliokuwa akicheka nao jana, leo wanapishana naye kama hawamjui. Uwanja wa palepale Laupheim, mji aliozaliwa, nao ukawa haramu kwake.

Wazazi wakaona isiwe tabu, wakampeleka Uingereza. Binti hakukaa huko kulia. Mwaka 1934 akawa bingwa wa Uingereza wa kuruka juu, mita 1.55. Kumbe Wanazi walikuwa wanamtazama kwa jicho la pembeni. Ujumbe ukamfikia kwamba arudi nyumbani akajiunge na timu ya Olimpiki ya Ujerumani, la sivyo familia yake itakiona cha mtema kuni.

Sasa utauliza, mtu umemfukuza, unamwitia nini tena? Hapo ndipo palipokuwa na geresha. Michezo ya mwaka 1936 ilikuwa ifanyike Berlin, na kule Marekani kulikuwa na watu wengi waliosema wasiende kwa sababu Wayahudi wanabaguliwa. Kwa hiyo Wanazi walihitaji Myahudi wa kuonyesha wageni, kwamba jamani, mbona tunao hawa hapa, nani kasema tunabagua? Gretel akawa pambo la sebuleni, la kuwaonyesha wageni tu.

Ebu jiweke kwenye viatu vya binti wa miaka 22. Akishinda, ni kashfa kwa serikali iliyokwisha tangaza kwamba watu wa kabila lake si watu. Akishindwa, watasema si tuliwaambia. Na akigoma, nyumbani kuna baba, mama na ndugu. Wengine wangepooza miguu. Yeye alikuja kueleza baadaye kwamba hasira ndiyo iliyompandisha juu, kwamba kadiri alivyochukia ndivyo alivyoruka vizuri.

Na aliruka kweli. Juni 27, 1936, mjini Stuttgart, Gretel aliruka mita 1.60 na kuifikia rekodi ya Ujerumani. Ilikuwa imebaki miezi isitimie miwili Olimpiki ifike.

Julai 15 meli iliyobeba timu ya Marekani ikang'oa nanga kuelekea Ulaya. Wageni wako njiani, hawawezi tena kugeuza. Kesho yake, Julai 16, ikaandikwa barua kwa Gretel. Eti kiwango chake hakitoshi, hivyo hatachaguliwa. Mtu aliyetoka kufikia rekodi ya taifa siku 19 nyuma, kiwango hakitoshi! Na ili kumpoza, wakampa tiketi ya bure ya kuangalia riadha. Tena ya kusimama, na nauli ajitegemee.

Wenzake wakaambiwa ameumia. Ujerumani ilikuwa na haki ya kupeleka warukaji watatu, ikapeleka wawili. Yaani waliona bora nafasi ibaki wazi kuliko aishike yeye.

Sasa sikia mwisho wake. Mashindano yalipofanyika, wasichana watatu walifungana kwa mita 1.60. Ndiyo, 1.60 ileile ya Stuttgart! Ikabidi warushwe upya kutafuta mshindi, na dhahabu ikaenda kwa Ibolya Csák wa Hungaria, ambaye naye alikuwa Myahudi. Mjerumani mwingine aliyekuwa kambini na Gretel, Dora Ratjen, alishika nafasi ya nne. Mwaka 1938 ikagundulika kwamba Dora ni mwanamume, aliyelelewa kama msichana tangu azaliwe. Gretel habari hizo alikuja kuzisoma miaka mingi baadaye kwenye gazeti, akiwa anasubiri zamu yake kwa daktari wa meno, akaangua kicheko mpaka watu wakamshangaa.

Mwaka 1937 alihamia Marekani. Mfukoni alikuwa na kitu kama dola nne tu, maana Wanazi hawakuruhusu Wayahudi kutoka na fedha zao. Bingwa wa kuruka akaanza maisha ya ugenini kwa kukanda watu misuli na kufanya kazi za ndani. Unaosha vyombo vya watu huku ukijua kwamba ulitakiwa uwe na medali shingoni. Wangapi wangejikalia na kulaani dunia? Yeye mwaka huohuo akawa bingwa wa Marekani wa kuruka juu na wa kutupa tufe, na mwaka 1938 akarudia tena ubingwa wa kuruka juu. Vita ilipolipuka mwaka 1939, akaachana na mashindano.

Mapenzi nayo yakajibu. Bruno Lambert, mwanariadha mwenzake aliyefahamiana naye Ujerumani na ambaye alikuwa daktari, alimfuata Marekani wakaoana mwaka 1938. Wakajaliwa watoto wawili wa kiume, wakaweka makazi Queens, New York, na hatimaye Gretel akawa bibi mwenye wajukuu. Lakini furaha ile ilikuwa na kidonda ndani. Jamaa wengi wa Bruno waliobaki Ujerumani waliuawa na Wanazi.

Ndiyo maana bibi huyu aliapa kwamba hatakanyaga tena ardhi ya Ujerumani. Hata Kijerumani, lugha aliyolelewa nayo, alikataa kukizungumza. Na mimi nani nimlaumu? Wapo watu hapa mtaani hawasalimiani kwa sababu ya ndoo ya maji, sembuse yeye.

Lakini mwaka 1999 Laupheim wakaamua kuupa uwanja wao jina la Gretel Bergmann. Ni uwanja uleule aliokatazwa kuingia. Mwanzoni hakutaka kwenda. Halafu akafikiri kwamba vijana wakilikuta jina lile watauliza, huyu Gretel Bergmann alikuwa nani? Na wakishauliza, itabidi wasimuliwe yote. Tena akaona kwamba watoto wa leo hawawezi kubebeshwa dhambi za babu zao. Akapanda ndege, akaenda, akiwa na miaka 85.

Hapo ndipo mimi ninapomvulia kofia kuliko hata kwenye mita 1.60. Kuruka juu ya ufito ni kazi, lakini kuruka juu ya kiapo chako mwenyewe, kiapo ulichokishika miaka zaidi ya 60, ni kazi nzito zaidi. Na angalia, hakusema kwamba yamekwisha tusahau. Alikwenda ili isisahaulike. Wengi tunadhani kusamehe ni kufunika kombe mwanaharamu apite. Bibi huyu alilifunua kombe lote, kisha akawapa mkono wajukuu wa waliomkosea.

Mwaka 2009 chama cha riadha cha Ujerumani kikairudisha rasmi rekodi yake ya mwaka 1936. Ilichukua miaka 73. Leo rekodi ya dunia ya wanawake ni mita 2.10, aliyoiweka Yaroslava Mahuchikh wa Ukraine mwaka 2024, na mita 1.60 unaweza kuiona kama mchezo wa watoto. Lakini mita zile zilichelewa mno kuandikwa.

Basi msomaji wangu, na wewe huko nyumbani unaye bibi. Huenda alitoka mbali, nchi nyingine au mkoa mwingine, na kila siku unamwona anachambua mchele tu. Umewahi kumuuliza alivyokuwa na miaka 22 alikuwa nani, na nani alimnyima nini? Muulize akiwa bado ana nguvu za kujibu. Na akianza kutukana, usimkatize. Vuta kigoda usikilize.