Tumuulize yule anayekunywa maji

Mwaka 1984 gazi ya sumu iliua maelfu ya watu kule Bhopal, Uhindi. Mwaka 1986 Marekani ikatoa sheria: viwanda vitangaze kila mwaka uzito wa sumu ambayo vinatoa. Tangu 1998 migodi ya metali nayo inatangaza. Leo kila mtu anaweza kusoma hesabu hizo katika intaneti.

Je, wasomaji wanaridhika? Kuhesabu mara ngapi ukurasa umefunguliwa hakutoshi. Asiyeelewa naye hufungua mara kumi! Mama anaona ratili za sumu, lakini anataka kujua kama mtoto wake anywe maji ya kisima. Aulizwe: «Ulitafuta nini? Ulikipata? Sasa utafanya nini?» Na yule aliyefunga mapema bila kujibu, atafutwe nyumbani kwake.