Jean Rouch na Kinywa cha Mwenye Nyumba

Katika watengenezaji filamu wa Kifaransa, anayetuhusu zaidi sisi Waafrika, na Waislamu hasa, ni marehemu Jean Rouch. Alizaliwa Paris mwaka 1917, akaenda Niger mwaka 1941 akiwa mhandisi wa barabara. Radi ilipowaua vibarua wake, alimwona bibi mmoja mzee akiongoza ada za kuwatuliza pepo, na tangu hapo barabara hazikumkaa tena moyoni.

Filamu iliyomtia mashakani ni Les Maîtres fous ya mwaka 1955. Aliipigia Ghana, wakati huo ikiitwa Gold Coast, kwa vibarua waliotoka Niger. Watu hao hupandwa na pepo wa Hauka: mmoja huwa gavana, mwengine jemadari, mwengine dereva wa gari la moshi. Povu lawatoka, na mbwa achinjwa akaliwa. Sisi wa pwani pepo twawajua, na twajua kwamba ya kilingeni si ya kuanikwa. Wanaomtetea husema wakuu wa Hauka wenyewe ndio waliomwalika, na kwamba mle mna kumcheka mkoloni. Huenda, Waingereza waliipiga marufuku. Lakini mtazamaji wa Paris, asiyejua lolote, aliona nini ila povu na mbwa? Mwaka 1965 Ousmane Sembène alimwambia usoni kwamba awatazama Waafrika kama wadudu. Kwa filamu ile, twaona Sembène alisema kweli.

Walakini haki ya mtu haifichwi. Moi, un noir ya mwaka 1958, iliyopigwa Abidjan, Sembène mwenyewe aliisifu. Kamera haikuweza kunasa sauti pamoja na picha. Basi Rouch akamweka Oumarou Ganda, kijana wa Niger aliyekuwa mchukuzi wa bandarini, aitazame picha yake na kusema atakalo. Akasema: kazi ya kubahatisha, upweke, vita vya Indochina. Dhiki hiyo kuli wa Kilindini aijua, ila hapa kinywa ni cha mwenyewe.

Twayasema haya kwa kuwa wenye kamera hawaishi kutujia, maulidini na harusini, na mwenye nyumba haulizwi.

Ganda hakungoja kuulizwa tena. Alishika kamera, na filamu yake Le Wazzou polygame, juu ya mzee aliyetoka Hija akamtamani binti aliyekwisha posewa, ikatwaa tuzo kuu Ouagadougou mwaka 1972. Ni aibu ya nyumbani, imesemwa na mtu wa nyumbani.

Rouch alifariki katika ajali ya gari huko huko Niger mwaka 2004, akazikwa Niamey. Ganda alikuwa amemtangulia tangu 1981.