Kasongo na Kabambare: mwacheni kijana amalize hadithi yake

Ndani ya simu ya kijana wa Kasongo mwenye kupenda manga, mara nyingi kuna kitabu cha 4 cha Naruto, kisha cha 9 na cha 10. Cha 5 mpaka cha 8 havipo. Alivipata kwa rafiki mwenye kutoka Kindu, kwa njia ya Bluetooth, na simu ikaisha moto mbele ya kazi kumalizika. Rafiki akarudi Kindu. Tangu siku ile kijana anasoma na kubahatisha: nani alimsaliti nani, huyu mwenye jeraha alipigwa lini, sababu gani wawili wenye kupendana sasa wanatafutana kwa kisu.

Naruto, hadithi ya picha ya Mjapani Masashi Kishimoto, ilianza mwaka 1999 na kuisha mwaka 2014. Ni vitabu 72. One Piece ya Eiichiro Oda ilianza mwaka 1997, imekwisha kupita vitabu 100 na bado inaendelea. Huko Ufaransa, kutoka kule tafsiri hizi zinatokea, kitabu kimoja kinauzwa karibu yuro 7. Kununua Naruto yote ni zaidi ya yuro 500. Wamoja wanasema kwamba kopi za simu ni wizi, sababu mwandishi hapati hata franka moja. Ni kweli. Lakini mwenye kusema hivyo aonyeshe kwanza duka la Kasongo penye kijana huyo angeweza kununua kitabu cha 5.

Kabambare ni vigumu zaidi. Mtandao unapatikana pahali kwa pahali, mega ni za bei, na kuna jambo lingine lenye kukata hadithi katikati. Upande wa Salamabila, karibu na mgodi wa dhahabu wa Namoya, wapiganaji wa Mai-Mai Malaika na jeshi wamepigana mara nyingi, na kila mara familia zinafunga mizigo na kukimbia. Mtoto anaacha darasa katikati ya mwaka. Anaacha pia kitabu. Akirudi, darasa linaanza upya toka mwanzo, ama mwalimu ni mwingine. Mtoto wa namna hiyo amezoea mambo yenye kuanza bila kuisha. Hadithi yenye kumpa hamu ya kujua mwisho si kitu kidogo kwake.

Wazazi na viongozi wa dini hawaoni hivyo, na malalamiko yao ni mawili. La kwanza ni kwamba vijana wanapoteza wakati. Hilo linajibiwa upesi. Manga zenye kuzunguka Maniema zimeandikwa kwa Kifaransa, na Exetat inafanywa kwa Kifaransa. Mwanafunzi mwenye kumaliza vitabu 20 vya One Piece, hata kama ni kwenye kioo chenye kupasuka, amesoma Kifaransa kingi kuliko kile chenye kuandikwa ubaoni kwa mwaka mzima katika darasa lenye kitabu kimoja cha mwalimu. Tena kuna jambo la kuchekesha: manga inafunguliwa kutoka kuume kwenda kushoto, namna msahafu unavyofunguliwa. Mtoto wa Kinshasa anahitaji kufundishwa hilo. Mtoto wa Kasongo mwenye kupita chuoni kwa shehe hashangai hata kidogo.

Lalamiko la pili ni zito. Wanasema vitabu hivi ni vya mashetani. Ndani yake mna mapepo, laana, watu wenye kugeuka wanyama, madaftari yenye kuua. Mtu wa Ulaya anaweza kucheka. Katika mashariki ya Congo hakuna sababu ya kucheka, maana hapa neno «mchawi» likitamkwa, mtu anaweza kufa kabla jua halijatua. Mwaka 2021, katika jimbo jirani la Kivu Kusini, wilayani Kalehe, Walungu na Mwenga, wanawake waliuawa na makundi ya watu kwa kudaiwa uchawi. Wamoja walikuwa wametajwa na wabashiri wenye kuitwa bajakazi. Sheria ya Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaadhibu mwenye kumshitaki mtoto kuwa mchawi, na hata hivyo kuna watoto wenye kulala njiani sababu ya shitaka hilo. Basi mzazi mwenye kuogopa kitabu chenye pepo kwenye jalada ana sababu zake, na inafaa ajibiwe kwa heshima.

Jibu liko ndani ya vitabu vyenyewe. Achukue Death Note, ile yenye jina baya kuliko zote. Vitabu vyake ni 12, vilitoka kati ya 2003 na 2006. Mwanafunzi mmoja hodari anaokota daftari. Kila mtu mwenye jina lake kuandikwa ndani anakufa. Anaanza kwa kuwaandika wahalifu, na watu wanamshangilia. Kisha anamwandika mwenye kumchunguza. Kisha yeyote mwenye kumzuia. Mbele yake anasimama kijana mwingine mwenye kukataa kumhukumu mtu bila ushahidi, hata pale moyo wake unapomwambia kwamba anamjua muuaji. Kijana wa Kabambare mwenye kusoma hadithi hiyo mpaka mwisho amejifunza nini? Kwamba kutaja jina la mtu mbele ya watu ni silaha, na kwamba mwenye kutaja anapashwa kuulizwa: umejuaje? Kuna mahubiri mengi yenye kusema jambo hilo kwa nguvu ndogo kuliko hii.

Détective Conan ya Gosho Aoyama inafanya kazi hiyo hiyo tangu mwaka 1994. Mtu anakutwa amekufa ndani ya chumba chenye kufungwa kwa ndani, wote wanapiga kelele kwamba ni laana ya familia, na mtoto mmoja mwenye miwani anainama kuangalia kamba, maji, na kikombe chenye kusogezwa. Laana inaondoka, anabaki mtu mwenye wivu ama mwenye deni.

Lakini haikuwa lazima kungoja Wajapani, maana Kiswahili kilikuwa na kitu hicho mbele yao. Mzanzibari Muhammed Said Abdulla aliandika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu chenye kupata zawadi ya kwanza katika mashindano ya Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki, kisha kikachapishwa mwaka 1960. Maiti inakutwa pahali penye watu wanaheshimu na kuogopa kama makao ya mizimu. Kila mtu ana jibu tayari. Bwana Msa, mpelelezi mwenye kuvuta kiko, hana jibu. Ana maswali tu. Anauliza nani alipita, saa ngapi, nani atafaidika. Msomaji anasubiri pamoja naye, na mwisho jibu halitoki kwa mizimu. Vitabu vingine vya Bwana Msa vilifuata: Kisima cha Giningi mwaka 1968, chenye kubeba jina la nchi ya wachawi katika masimulizi ya Zanzibar, na vingine mpaka Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Tanzania bara walikuwa na Willy Gamba wa Elvis Musiba, kuanzia Kufa na Kupona ya mwaka 1974, na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Hao wanapiga risasi zaidi kuliko kuuliza maswali, lakini kijana hawezi kuweka kitabu chini.

Ajabu ni kwamba vitabu hivi havikufuata njia ya lugha yenyewe. Kiswahili cha Kasongo kilitoka pwani pamoja na misafara ya pembe na ya watumwa. Tippu Tip aliishi hapa, na masimulizi ya maisha yake aliyaandika kwa Kiswahili. Yalichapishwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Kuna safari, hila, vita na kuponea chupuchupu, na pia, kwa mwenye kusoma vizuri, kuna kilio cha watu wenye kufungwa minyororo ambao yeye hakuwapa neno. Wenyeji wa Kasongo wanaonyesha magofu ya Tongoni kwa wageni, lakini kitabu chenye kutaja babu zao ni vigumu kukipata hapo hapo mjini. Bunduki zilifika, lugha ikafika, dini ikafika. Vitabu vikabaki ng'ambo ya Tanganyika.

Wengine watasema Mkongomani hasomi. Kinshasa ilikwisha kulijibu neno hilo. Kuanzia mwaka 1990, Papa Mfumu'eto alichora na kuuza sokoni vitabu vidogo vya picha kwa Kilingala, karatasi mbaya, wino wenye kuchafua mikono. Kimoja cha kwanza kilikuwa juu ya nyoka mkubwa mwenye kumeza mwanamke katikati ya jiji. Watu waligombania. Walitaka kujua mambo yataendeleaje katika toleo lenye kufuata. Fundisho la Mfumu'eto ni kwamba watu wanasoma kama hadithi ni ya lugha ya nyumbani, ya bei ndogo, na yenye kukatika pahali pabaya. Alexandre Dumas alijua hilo pia. Le Comte de Monte-Cristo ilitoka vipande vipande katika gazeti la Paris kati ya 1844 na 1846. Na bibi wa kijijini mwenye kusema «usiku umeingia, tutamaliza kesho» alijua hilo bila kumsoma Dumas.

Kilingala kilipata Mfumu'eto. Kiswahili cha Maniema, lugha ya taifa kwa Katiba ya 2006, bado kinangoja wa kwake. Vijana wenye kujaza madaftari yao kwa picha za Naruto wako tayari wanajua kuchora. Hakuna mtu mwenye kuwaambia kwamba lori lenye kukwama siku nne kwenye matope, na dhahabu yenye kupotea kati ya shimo na comptoir, ni mwanzo wa hadithi nzuri kuliko kijiji cha ninja.

Kwa sasa njia rahisi kuliko zote ni redio ya mtaa. Dakika 20 kila jioni, mwalimu mwenye sauti nzuri anasoma Bwana Msa kwa ruhusa ya wenye haki za kitabu. Anaeleza maneno ya Unguja yenye kuwa magumu kwa msikilizaji wa Kasongo, na anafunga kitabu pale mlango unapoanza kufunguka. Kesho yake sokoni watu watabishana nani muuaji. Wataulizana umejuaje. Redio haihitaji mega, na mtoto mwenye kukimbia Salamabila anaweza kusikiliza pahali popote alipofikia, akute hadithi inaendelea.

Njia ya pili ni vitabu vyenyewe, na hapa kuna kosa moja lenye kurudia. Wazaliwa wa Maniema wenye kuishi Bukavu, Kinshasa ama Ulaya wanatuma katoni za vitabu kwa masomo ya kwao, na wanastahili asante. Lakini mara nyingi wanaokota kile chenye kubaki: kimoja cha huku, kimoja cha kule, kitabu cha 3 bila cha 1, cha 7 bila mwisho. Katoni yenye hadithi 30 zenye kukatika inazalisha wasomaji 30 wenye kukata tamaa. Katoni moja inatosha kubeba Death Note yote 12 pamoja na vitabu vyote vya Bwana Msa vyenye kupatikana. Mwenye kutuma aulize mbele ya kupakia kwenye lori kama mfululizo umetimia, aandike namba juu ya kila jalada, na atie jina la mwalimu mmoja mwenye kulinda ufunguo wa sanduku. Kitabu cha 5 kikipotea, mwalimu huyo ajue ni cha kwanza kutafutwa.