Ripoti za mashine zinawachosha walinzi wa programu

Goma – Familia ya wahami wa vita inapoandikishwa ili ipate chakula au shitingi, anayeiandikisha mara nyingi hashiki tena daftari, anashika simu. Jina la mama, idadi ya watoto, kijiji walikotoka, vyote vinaingia humo. Mashirika mengi ya misaada hutumia KoboToolbox, programu iliyoanzishwa na watafiti wa Harvard waliofanya kazi katika maeneo ya vita, kaskazini mwa Uganda na hapa mashariki mwa Kongo. Hata jina Kobo ni neno la Kiacholi. Ni programu huria: maandishi yake yako wazi, na mwenye ujuzi anaweza kuyasoma na kusema, hapa pana kasoro, parekebisheni.

Haki hiyo ya kusema «hapa pana kasoro» ndiyo watu fulani wanaiharibu sasa, na lazima wasemwe.

Tazama curl. Ni programu ndogo huria inayopeleka na kupokea data kati ya kompyuta, na imo ndani ya vyombo vingi sana, kuanzia kompyuta kubwa hadi magari. Mswidi Daniel Stenberg anaiongoza tangu 1998. Mwaka 2019 waliweka zawadi ya dola kwa yeyote atakayegundua kasoro ya usalama, na kwa miaka kadhaa mpango huo ulizaa matunda: zaidi ya dola 80,000 zililipwa kwa kasoro za kweli. Halafu zikaja mashine za akili bandia. Mtu asiyejua kuandika hata mstari mmoja wa programu anaiambia mashine, nitafutie kasoro ndani ya curl. Mashine inamwandikia kurasa nzuri, zenye vichwa vya habari na salamu za heshima, zinazoeleza hatari isiyokuwepo, mara nyingine katika sehemu ya programu ambayo haijawahi kuwepo. Yeye anatuma bila kusoma, anangojea dola.

Mwaka 2025 Stenberg alieleza kwamba karibu ripoti 20 katika kila 100 zilikuwa takataka za namna hiyo, na kwamba kama 5 tu kwa 100 ndizo zilizoonyesha kasoro ya kweli. Kikundi chao cha usalama kilikuwa na watu 7. Kila ripoti ilishughulikiwa na watu 3 au 4, kila mmoja nusu saa, pengine hadi saa 3. Na haiwezekani kuitupa bila kuisoma, maana huenda ndiyo ile moja ya kweli.

Redio zote za Goma zinaujua mzigo huo. Anayepiga simu kusema barabara ya Sake imefungwa anatumia sekunde kumi. Kuhakikisha kunamaliza asubuhi nzima. Lakini mzushi wa simu angalau ana sauti, anatetemeka, anajikanyaga. Mashine inadanganya kwa sauti ileile ya mwalimu.

Wapo watakaosema akili bandia ndiyo inayoonewa. Hapana. Mwaka huohuo wa 2025 mtafiti Joshua Rogers alitumia vifaa vya akili bandia kuichunguza curl, akaleta orodha ya kasoro, nyingi zikarekebishwa, na Stenberg mwenyewe akamsifu. Tofauti ni kwamba kulikuwa na mtu anayejua anachokitazama. Wengine watasema kijana asiye na kazi ana haki ya kujaribu bahati, hasa katika mji ambako benki zilifungwa Januari 2025. Njaa inajulikana Goma, haihitaji kufundishwa. Lakini kumwibia mtu saa zake za kulala, naye anafanya kazi hiyo kwa kujitolea, ni wizi tu, hata kama mwizi ana njaa.

Na mlinzi aliyechoka hufungua mlango. Mwaka 2022 mtunzaji wa programu huria iitwayo xz alisema hadharani kwamba afya yake ya akili ilikuwa imezorota na kwamba kazi hiyo hailipwi. Mtu aliyejiita Jia Tan, ambaye tayari alikuwa akimsaidia, akaaminiwa, akapewa funguo. Machi 2024 ikagunduliwa kwamba alikuwa ametia humo mlango wa siri wa kuingilia kompyuta za watu. Andres Freund, fundi wa Microsoft, aliushtukia kwa sababu kompyuta yake ilichelewa nusu sekunde hivi.

Kompyuta nyingi zinazohifadhi orodha za watu duniani zinategemea programu za namna hiyo. Mahali ambako jina la kijiji chako linaweza kukuletea shida kwenye bariere, orodha iliyovuja si jambo la mafundi peke yao. Mashirika yanayozitumia bure yangepaswa kuwalipa watunzaji. Na anayetuma ripoti aonyeshe kwanza kwamba ameiona kasoro kwa macho yake, kwenye kompyuta yake.

Mwishoni mwa Januari 2026 curl ilifuta zawadi. Waliotuma takataka hawakupoteza kitu, wamehamia kwingine. Aliyepoteza ni kijana wa Himbi au Katindo aliyejifunza kazi hii usiku, kwa umeme wa kubahatisha, na siku moja akapata kasoro ya kweli: dola zile hazipo tena, na ripoti yake itasomwa na mtu anayeshuku kila neno.