Dawa za Ukimwi zilidaiwa: Somo la filamu ya Paris kwa wakazi wa Ziwa Victoria

FILAMU ya Kifaransa, 120 battements par minute, iliyoongozwa na Robin Campillo na kushinda tuzo ya Grand Prix katika tamasha la Cannes mwaka 2017, inasimulia mambo yaliyotendeka jijini Paris mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hata hivyo, mkazi wa Kisumu, Siaya au Homa Bay atakayeitazama hatajiona mgeni. Ataona vijana wanaokonda siku baada ya siku, mama anayemuuguza mwanawe, na swali ambalo halijapata jibu hadi leo: nani atakayehakikisha kwamba dawa inamfikia mgonjwa?

Wahusika wa filamu hiyo ni wanachama wa Act Up-Paris, kundi la wanaharakati lililoanzishwa mwaka 1989. Campillo mwenyewe alikuwa mmoja wao. Hukutana ukumbini kila wiki na kujadiliana kwa ukali. Anayekubaliana na msemaji hapigi makofi bali hualiza vidole, ili hoja isikatizwe. Huvamia ofisi za kampuni ya dawa na kurusha damu bandia ukutani, wakidai matokeo ya majaribio ya dawa mpya yatolewe upesi.

Sharti moja la kundi hilo lastahili kutafakariwa. Kila anayejiunga, awe na virusi au hana, sharti akubali kutazamwa na umma kama mwenye virusi. Kwa njia hiyo unyanyapaa hukosa pa kushika.

Katikati ya harakati hizo kuna mapenzi ya vijana wawili, Sean na Nathan. Sean ana virusi, Nathan hana. Nathan anamwosha mwenzake, anamlisha na kukaa naye hadi pumzi ya mwisho. Wapo wasomaji watakaoikataa filamu kwa sababu wapenzi hao ni wanaume. Sheria ya Kenya bado inaharamisha uhusiano huo, na Mahakama Kuu ilikataa kuibatilisha Mei 2019. Lakini maelfu ya wanandoa wa kandokando ya ziwa, mmoja akiwa na virusi na mwingine hana, wamepitia usiku kama ule wa Nathan.

Tofauti kubwa inaonekana mtu anapokufa. Sean aliagiza kifo chake kitumike kama hoja. Wenzake wanayachukua majivu yake na kuyarusha juu ya vyakula katika karamu ya kampuni za bima. Kwetu Nyanza, ambako marehemu hurejeshwa nyumbani na kuzikwa kwenye boma lake, jambo hilo lingekuwa kufuru. Sisi tulichagua kimya. Matangazo ya vifo yalizungumzia "kuugua kwa muda mrefu", na penginepo lawama ikatupiwa chira, laana ya kuvunja miiko. Kimya hicho kilikuwa na sababu zake, kwani mjane aliyetaja ugonjwa angeweza kupoteza heshima, hata shamba. Lakini mficha maradhi kilio humuumbua.

Si kweli kwamba Afrika Mashariki haikuwa na sauti. Mwanamuziki wa Uganda, Philly Lutaaya, alitangaza hali yake mwaka 1989 na kuzunguka nchini mwake akiwaonya vijana, hadi alipofariki Desemba mwaka huohuo. Filamu ya Born in Africa ilihifadhi safari yake ya mwisho. Hapa Kenya, Joe Muriuki alijitokeza hadharani katika kipindi hichohicho, akaishi miaka mingine zaidi ya 30 hadi kifo chake mwaka 2022. Lutaaya hakupata dawa. Muriuki aliishi hadi zikapatikana.

Dawa hizo hazikuja kwa huruma ya wenye kampuni. Mwanzoni mwa mwaka 2001, kampuni ya Cipla ya India ilijitolea kuuza mseto wa dawa tatu kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka, ilhali bei ya awali ilizidi dola 10,000. Mwaka huohuo, baada ya mashinikizo ya wanaharakati, Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Mali ya Kiviwanda iliyofungua mlango wa kuagiza dawa nafuu. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka likaanza kutoa dawa bila malipo katika hospitali ya wilaya ya Homa Bay.

Mlango huo nusura ufungwe. Sheria ya kupambana na bidhaa ghushi ya mwaka 2008 ilitoa tafsiri pana mno, kiasi kwamba dawa nafuu halali zingeweza kuhesabiwa kuwa ghushi. Wakenya watatu wanaoishi na virusi walikwenda mahakamani, na Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kwamba vifungu hivyo vilitishia haki yao ya uhai, utu na afya. Hapakurushwa damu bandia, ila dai lilikuwa lilelile la Paris.

Kuna jambo ambalo filamu ya Campillo haiwezi kutufundisha, nalo ni umaskini wa ufuoni. Katika desturi ya jaboya, mchuuzi wa samaki humpa mvuvi mwili wake ili apate mzigo wa kuuza. Kina mama wa ufuo wa Nduru, Nyakach, waliikabili kwa kumiliki mashua zao wenyewe, lakini mafuriko ya mwaka 2020 yaliwarudisha nyuma. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulipata maambukizi ya asilimia 19.6 miongoni mwa watu wazima wa Homa Bay na 17.5 Kisumu, huku wastani wa nchi ukiwa 4.9.

Ndiyo maana uamuzi wa Marekani wa Januari 2025 wa kusimamisha misaada ulitikisa eneo hili kuliko mengine. Wahudumu wa kliniki walipoteza kazi, na wagonjwa wakaelekezwa kwenye foleni za kawaida. Desemba 2025 nchi hizo mbili zilitia saini mkataba wa miaka mitano ambao Marekani iliahidi kutoa hadi dola bilioni 1.6, huku Kenya ikiahidi kuongeza mgao wake.

Ahadi hiyo ndiyo ya kufuatiliwa. Anayemeza dawa bila kukosa, virusi vikafifia hadi visionekane kwenye vipimo, hamwambukizi mwenzake kitandani. Akikatizwa, virusi hurudi, na vinaweza kuwa sugu. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hapa anaweza kufa kabisa.

Wakazi wa kaunti za ziwa wana haki ya kuwauliza magavana na madiwani wao, kabla bajeti haijapitishwa, ni shilingi ngapi zimetengewa dawa, vipimo na mishahara ya wahudumu hao. Swali hilo liulizwe hadharani na wote, wenye virusi na wasio navyo, bila kumtaka yeyote aeleze yeye ni yupi.