Mashine ya Boti Isining'inie Barabarani

Yeyote anayepita Ring Road, hapa Nyalenda, saa ambapo wanafunzi wanatoka shuleni, hukuta barabara ikigombaniwa na watu wa kila namna: bodaboda, tuktuk, mikokoteni ya maji, akina mama wanaouza samaki kando ya lami, na watoto wenye mikoba mgongoni. Katikati ya msongamano huo hupita mara kwa mara pikapu inayovuta trela. Juu ya trela pana boti ya faiba inayoelekea Dunga au inayotoka huko, na nyuma kabisa, rafadha yake ikiwa imeinuliwa hewani, inaning'inia mashine ya nguvu za farasi 40. Trela inapopanda tuta, mashine ile huruka na kutua juu ya ubao wa tezi, na watoto hucheka.

Mimi ni mwalimu wa fizikia na sioni cha kuchekesha. Nionavyo, desturi ya kusafirisha boti kwa barabara huku mashine ikiwa imefungwa tezini ni hatari ambayo tumeizoea kwa sababu tu hatujaketi tukaipigia hesabu. Hesabu yenyewe si ngumu. Wanafunzi wa mfumo wa 8-4-4 walifundishwa kanuni hiyo katika Kidato cha Pili: kanuni ya momenti, yaani uwezo wa nguvu kugeuza kitu kwenye egemeo. Wengi waliikariri kwa mfano wa bembea ya ubao, wakaijibu katika mtihani, wakaisahau.

Basi tuichukue trela. Egemeo ni ekseli, mahali yalipo magurudumu. Upande wa mbele kuna mkono wa trela unaoshika gari, na upande wa nyuma kuna tezi ya boti. Tuseme boti na trela, bila mashine, vina uzito wa kilo 530, na kwamba mkono unalikandamiza gari kwa kilo 60. Hali hiyo ni salama, kwani mafundi wengi hushauri kwamba takriban sehemu moja ya kumi ya mzigo wote ikalie gari linalovuta. Sasa fungeni mashine ya kilo 70 umbali wa mita 2.5 nyuma ya ekseli. Zidisheni: mnapata 175. Kama mkono una urefu wa mita 3.5 kutoka ekseli hadi kwenye gari, gawanyeni 175 kwa 3.5: mnapata 50. Kilo 50 zimeondolewa mbele! Zilizobaki ni kilo 10 tu, na mzigo wote sasa ni kilo 600. Trela iliyokuwa imetulia imekuwa bembea.

Trela ya namna hiyo haiwezi kwenda sawa. Upepo wa basi linalopita, shimo dogo, au dereva kukwepa bodaboda, huanzisha mtikiso wa kushoto na kulia. Uzito ukiwa mbele ya ekseli, mtikiso hupungua wenyewe. Ukiwa umerudi nyuma, kila mtikiso huukuza unaofuata. Dereva asiyejua hukanyaga breki kwa hofu, na hilo huzidisha balaa, kwa kuwa mzigo wa nyuma huendelea kulisukuma gari lililoanza kusimama. Afadhali aondoe mguu kwenye mafuta polepole na ashike usukani bila kuupeleka huku na huko. Aliye katika hatari kubwa kuliko wote, lakini, si dereva bali mtoto anayetembea ukingoni mwa lami.

Kuna na ubao wa tezi wenyewe. Majini, ubao huo hubeba mashine iliyosimama wima, na maji hupokea mishtuko mingi. Barabarani mashine huinuliwa isikwaruze lami, na kitovu cha uzito wake kikasogea nyuma, mbali na ubao. Sasa kila tuta ni pigo la nyenzo. Skrubu za kushikilia hulegea kwa mtetemo, na mbao za boti zetu nyingi, ambazo zimekwisha kulowa na kukauka mara elfu, hupasuka ndani kwa ndani. Ufa huo hauonekani siku ile. Huonekana wiki nyingine, boti ikiwa katikati ya ghuba na abiria ndani.

Dawa ni kuishusha mashine. Wavuvi wa Dunga hawahitaji kufundishwa hili, maana wengi wao huichomoa kila jioni na kuibeba begani hadi nyumbani kwa kuogopa wezi. Ajabu ni kwamba mashine hiyo hiyo, ikipakiwa pamoja na boti ya mtu mwenye gari, huonekana haishushiki! Iwekwe ndani ya pikapu, ifungwe barabara, kichwa chake kikiwa juu kuliko rafadha, ili maji yaliyobaki ndani yasiteremke kwenye silinda. Mpira wa petroli uchomolewe, tangi lifungwe lisisafiri likimwaga mvuke. Na ikiwa mashine ni nzito mno kuchomolewa, basi gongo imara liwekwe kati ya mguu wake na fremu ya trela, libebe mshtuko badala ya ubao. Kile kidude cha kuizuia isianguke inapoinuliwa hakikutengenezwa kwa ajili ya matuta ya Kisumu.

Yapo mengine ambayo nitayataja kwa haraka: minyororo miwili ya usalama ipishane chini ya mkono wa trela, boti ifungwe kwa mikanda, si kwa kamba ya nailoni inayorefuka ikilowa, beringi zipoe kabla ya magurudumu kuzamishwa ziwani, kwani chuma cha moto kikiingia maji baridi hunyonya maji na kufukuza grisi. Tena anayepeleka boti Naivasha au Baringo aikague na kuikausha kwanza. Gugu maji lililotusumbua hapa tangu miaka ya 1990 halihitaji kusaidiwa usafiri.

Najua nitakavyojibiwa. Wataniambia kwamba kutoka Nyalenda hadi ufuoni ni kilomita chache tu, na kwamba mwendo ni wa kinyonga. Kweli, mwendo wa polepole hupunguza mtikiso wa kushoto na kulia. Haupunguzi idadi ya mashimo, na hayo ndiyo yanayoua ubao. Isitoshe, safari si fupi siku zote. Ziwa lilipopanda mwaka 2020 na likapanda tena mwaka 2024, na mito ya Kano ilipofurika, boti zilihitajika mbali na ufuo, tena kwa haraka. Boti ya uokozi inayofika Ahero ikiwa na tezi iliyopasuka haimwokoi mtu. Hapo ndipo dakika kumi za kuichomoa mashine, ambazo watu huzililia sana, hupata thamani yake.

Nawageukia walimu wenzangu. Mtaala wa umilisi unatutaka tumfundishe mwanafunzi kwa kutenda, nasi mara nyingi tunalalamika kwamba hatuna vifaa. Shule za upande huu wa mji zimezungukwa na vifaa. Mafundi wa jua kali wanachomelea matrela, na ninavyowaona, wengi huweka ekseli kwa kukadiria kwa macho. Pale ufuoni kuna mizani ya kuning'iniza ya kupimia samaki. Kiongozeni darasa, ombeni trela yenye boti, uning'inizeni mkono wake kwenye mizani hiyo na msome kilo. Kisha fungeni mashine tezini, msome tena. Wanafunzi wapime umbali kwa futi ya fundi, wapige hesabu kwenye daftari, walinganishe na mizani. Fundi naye asimame hapo hapo, aulizwe kwa heshima ekseli aliiweka kwa kipimo gani, na kama anaweza kuisogeza nyuma kwa shubiri moja.