KIWANDA HAKIFI SIKU LANGO LINAPOFUNGWA

Ndugu wafanya kazi wa Likoni, Mtongwe na Shika Adabu,

Karatasi hii ni fupi lakini khabari yake ni nzito. Ukimaliza kuisoma mpe jirani, na asiyejua kusoma asomewe.

Kila mtu wa Likoni anayakumbuka malori yaliyokuwa yakileta mchanga wa madini kutoka Kwale. Mwezi wa Februari 2014 meli ya kwanza ilipakia mchanga huo kwenye gati la Likoni. Mwisho wa Desemba 2024 kampuni ya Base Titanium iliacha kuchimba, na kazi ikakwisha. Dereva, fundi, mlinzi, na mama aliyekuwa akiwauzia chakula, wote waliguswa. Mshahara mmoja ukikatika, duka, nyumba ya kupanga na karo ya mtoto hutikisika pamoja.

Mtu apewe haki yake hata kama hatumpendi: kampuni haikuificha khabari hii. Ilisema mapema kwamba mchanga wenye faida unakwisha, na mwezi wa mwisho ikautaja. Basi lawama ni ya nani? Twasema bila kuogopa: ni ya wakubwa waliokuwa na wakati wa kujitayarisha wasijitayarishe. Mwaka 2019 Serikali ilisimamisha leseni mpya za madini, na zuio hilo likakaa miaka. Kama ni vizuri kuchimba zaidi au ni vibaya, wenye mashamba wa Kwale wana haki ya kusema. Lakini kama kuchimba kunasimama, ilikuwa wajibu kuuliza: baada ya mchanga, watu hawa watafanya kazi gani? Swali hilo lilihitaji jibu kabla ya lori la mwisho. Na sehemu ya lawama ni yetu sisi wenyewe, tulioijua tarehe tukaingoja kama mtu anayengoja feri.

Jambo hili si geni kwetu. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilianguka mwaka 1988. Ilipita zaidi ya miaka 20 kabla ya sukari kusagwa tena upande huo, na mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa 1988 alikuwa mtu mzima. Tazameni na Changamwe. Kiwanda cha kusafisha mafuta, kilichoanza kazi mwaka 1963, kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013. Tajiri wa Kihindi aliyenunua nusu yake mwaka 2009, kampuni ya Essar, akajitoa. Matangi yakabaki kuwa ghala ya kuwekea mafuta ya watu. Lakini ndugu, tangi la kuwekea haliajiri kama mtambo wa kusafishia. Ukuta waweza kusimama na kiwanda kikawa kimekufa.

Wako watakaotuambia, "Hiyo ndiyo biashara, ina faida na hasara." Sawa. Lakini mbona faida ikija huhesabiwa na matajiri peke yao, na hasara ikija hugawiwa mpaka kwa muuza mahamri? Wako na watakaosema, "Mmelipwa haki zenu, mwataka nini tena?" Hebu tuzihesabu haki hizo. Sheria ya Ajira ya 2007 yataka tajiri atoe notisi ya mwezi mmoja kwa chama na kwa Afisa wa Kazi, kisha amlipe mtu asiyehitajika tena si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliofanya kazi. Kwa kipimo hicho mtu wa miaka 10 atapata siku 150, yaani miezi mitano. Miezi mitano hailei mtoto mpaka amalize shule. Tuichukue, ni haki yetu, wala tusiache hata senti. Lakini tusiiite kazi.

Nanyi mnaosema kwamba mnyonge hana la kufanya, kumbukeni. Januari 1947 wafanya kazi wa Mombasa, zaidi ya elfu kumi, waligoma, wakakusanyika kwenye uwanja wakauita Kiwanja cha Maskini. Na juzi juzi, mwaka 2019, ilipotolewa amri kwamba mizigo ya bandarini ipelekwe bara kwa reli mpya, watu wa Mombasa waliona madereva, makarani na wenye magereji wanakwenda kufa njaa. Waliandamana kila Jumatatu. Hawakungoja magereji yafungwe ndipo walie. Oktoba mwaka huo huo amri ikasimamishwa. Haikuwa mwisho wa mambo, na mwaka 2022 kazi ya kutoa mizigo iliamriwa irudi Mombasa. Waliosema mapema ndio waliosikiwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sasa twataka nini? Hatusemi mchanga uliokwisha urudi. Twasema haya:

1. Tajiri yeyote wa Ng'ambo anayejua kwamba atafunga au atapunguza watu, awaite chama na wazee wa mtaa mwaka mmoja mbele. Mwezi mmoja ni wa kufunga mizigo tu.

2. Gati na ghala zilizojengwa Likoni kwa ajili ya mchanga, khabari zake zisemwe hadharani: zitafanya kazi gani, na watu wangapi wataajiriwa.

3. Huko Dongo Kundu twaahidiwa viwanda katika eneo la ekari 3,000. Kila tajiri anayepewa ardhi aandike kwanza: ataajiri watu wangapi, atafundisha ufundi gani, na atakitambua chama. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, imempa kila mfanya kazi haki ya kuingia katika chama na ya kugoma.

4. Sheria ya Madini ya 2016 imewapa wenyeji sehemu ya 10 katika kila 100 ya mrabaha. Fedha hizo zifundishe vijana ufundi, zisiliwe na kamati.

Na sisi tusikae kuomba tu. Kila mtaa uwe na daftari: nani ana ufundi gani, alifanya kazi wapi, miaka mingapi, anadai nini. Mkubwa akija na maneno matamu, sisi tumjie na daftari. Aliye kazini leo asimcheke aliyetoka jana, kwani lango ni lile lile.

Ndugu, tusikutane siku ya mwisho kupigwa picha na kulishwa pilau ya kuagana. Tukutane sasa, mashine zingali zikinguruma.

Ni mimi, mfanya kazi mwenzenu,
Likoni.